Vibao Kumi Ndani ya Mtungi wa Maziwa

Kassel, Ujerumani
8 Septemba 2024

Shangazi Mwanasiti,

Shikamoo, na salaam zikufikie wewe na wote wa Majengo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kazi inanizungusha kichwa. Baba alinipigia kutoka Kerugoya, akalalamikia goti, akalalamikia bei ya vipuri dukani kwake, kisha akaniuliza kama nakula. Nakula. Ukimwona mwambie goti alipeleke hospitali, si kwa yule mkandaji wake. Halafu nasikia mwanao Muhammad na mkewe Shiku wanatarajia mtoto. Nimesikia kwa watu wa nje kana kwamba mimi si wa nyumba hiyo!

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya kifurushi hiki utakuta vibao kumi vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja kama stempu ya posta. Usivitupe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka miwili.

Mwaka jana uliniuliza nasomea nini, nikakwambia mwanga, ukacheka. Ngoja nijaribu tena. Tuna mashine ya leza inayotoa mimweko mifupi ajabu. Mwanga una mbio kuliko kitu chochote, lakini mmweko huo unaisha kabla mwanga haujasafiri zaidi ya unene wa unywele. Chuma kikipigwa hivyo hakipati hata nafasi ya kushika moto. Kinachobaki juu yake ni matuta yaliyopangana kama ya shamba la viazi, ila ni madogo mno. Matuta themanini yanalala ndani ya unene wa unywele mmoja. Wala hakuna anayeyachora moja moja. Mwanga na chuma vinakutana, na matuta yanajipanga yenyewe. Mimi kila nikiyaona bado nashangaa.

Vibao vitano vina matuta, vitano havina. Chenye matuta ukikiinamisha utaona rangi za upinde wa mvua, na hakijapakwa rangi yoyote. Tunaamini vijidudu vya maziwa havipati pa kushika juu yake. Hapa maabarani havishiki, lakini hapa tunatumia maziwa ya pakiti na vyombo vya kioo. Profesa anataka maziwa ya kweli, mtungi wa kweli, miezi mitatu. Nikamwambia nina shangazi mwenye duka la maziwa Nyeri.

Vitundike kwa waya ndani ya mtungi mmoja. Kila siku ukishamimina maziwa, suuza vibao kwa maji ya moto, basi. Chuma chenyewe hakina madhara, ni kile kile cha mitungi yako. Lakini Shangazi, nakujua. Usivisugue. Si kwa majivu, si kwa waya, si kwa kitambaa. Matuta yale hayana kina, na mkono wako unatosha kuyafuta asubuhi moja.

Sitakuficha uzito wake. Hii ndiyo sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Isipopatikana sipewi mwaka wa kumalizia, na nitarudi Nyeri na nusu ya shahada, kitu ambacho hakipo.

Mwanao,
Hanan


Majengo, Nyeri
2 Oktoba 2024

Mwanangu Hanan,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa zile siku ulizonipigia simu ukasahau kuamkia. Nakuandikia nimesimama kwenye kaunta, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue kuna mteja. Sote wazima. Shiku ana mimba ya miezi mitano. Hukuambiwa kwa sababu mama yake wa Kangema alisema mimba haitangazwi, hujitangaza. Baba yako goti amelipeleka kwa mkandaji. Usinitazame mimi, ndugu yangu huyo ni mbishi tangu akiwa anatambaa.

Vibao vimefika. Posta walikuwa wameshavifungua. Kijana wa dirishani akaniuliza, "Mama, hii ni vyuma ya nini?" Nikamwambia ni mapambo ya mtungi, akanitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwenda hospitali. Wambugu, huyu anayeniletea maziwa kutoka Tetu, alipoona navitundika alicheka mpaka akashika pikipiki yake. "Ati Mama Muhammad, siku hizi unachemsha maziwa na misumari?" Lakini Shiku alikishika kimoja kwenye jua akakigeuzageuza, halafu akasema, "Ai, mathe, hii iko na rangi kama shingo ya njiwa." Nami nikaona. Hanan, ni kizuri. Sikujua kwamba unatengeneza vitu vizuri, nilidhani unapiga hesabu tu.

Sasa hilo la kutosugua. Unajua unamwomba nani? Nilipofungua duka hili mwaka wa tisini na nane watu walipita wakisema maziwa ya Majengo nani atakunywa, watu wa Majengo hawajui kuosha. Sikujibizana na mtu. Nilitoa mitungi yangu nje, mbele ya duka, saa kumi na mbili asubuhi, watu wakienda kazini, nikaisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka kila apitaye aone uso wake. Tangu hapo sijaruka asubuhi hata moja, hata siku tuliyomzika baba yangu nilisugua kwanza. Bwana Gatimu, mkaguzi wa afya wa mjini, akipita husalimia mitungi kabla ya kunisalimia mimi.

Ila wewe ni wewe. Sitavigusa. Nimekuahidi, na mimi siahidi ovyo.

Shangazi yako,
Mwanasiti


Kassel
27 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo (umeona?). Salaam kwa Muhammad, na Shiku mwambie nimeshaanza kununua soksi ndogo ndogo. Hapa majani yote yameanguka na jua linatoka kama mtu anayedaiwa. Nimepata mafua mara mbili.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikitembea. Siku hizi siwezi kukaa. Nikikaa nawaza mtungi wako. Profesa ni mama mpole, lakini kila Jumatatu ananiuliza, "Nyeri wanasemaje?" na mimi namwambia tusubiri.

Basi niambie. Vile visivyo na matuta vimeanza kupata utando wa njano? Ukiuona usishtuke, huo ndio tunaoutaka. Vyenye matuta vibaki bila utando na hivyo vingine viwe nao, hapo ndipo tutakuwa na la kusema. Nitumie picha kwa simu, hata moja. Umehesabu siku?

Nakuuliza sana, najua. Nisamehe.

Hanan


Majengo, Nyeri
5 Desemba 2024

Mwanangu Hanan,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mvua za vuli zilitukamata vibaya, Wambugu alikwama na maziwa njiani siku tatu, na wewe ujue maziwa hayamsubiri mtu. Baba yako alikuja, akakaa siku mbili, akala kama watu wanne, goti halikumsumbua hata kidogo mezani. Muhammad amepaka rangi kile chumba cha nyuma. Alichagua rangi ya waridi, Shiku akalia, akapaka upya. Mama Nduta wa jirani amemwoza binti yake wa pili huko Kiriaini, harusi ilikuwa kubwa, walipika ng'ombe wawili na bado wali ulikwisha. Nilivaa ile kanga uliyoniachia. Watu wengi walikuulizia.

Bwana Gatimu wa afya alipita mwezi uliopita, anakagua maduka yote ya mjini. Mambo ya kawaida.

Vibao viko salama. Vyote vinang'aa.

Picha sitaweza, kioo cha simu yangu kimepasuka na kila kitu kinatoka na ukungu. Umevaa kitu cha kichwani kwenye baridi hiyo? Mafua mara mbili ni uzembe. Kunywa tangawizi.

Shangazi yako


Kassel
29 Desemba 2024

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo na heri zote. Barua yako imefika jana. Nimeisoma kwenye ngazi za nyumba, nikapanda ghorofa nne bila kujua. Vinang'aa! Umeandika "vyote", na mimi nimeelewa ni vile vitano vyenye matuta, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyokuwa nakuulizia.

Nimemwambia profesa. Alinyanyuka kitini, na huyu mama hanyanyuki. Mwezi wa sita kuna mkutano mkubwa wa watu wa fani yetu, na mwisho wa kutuma muhtasari ulikuwa wiki hii. Nimetuma. Ukurasa mmoja tu. Jina langu liko juu, na duka lako limetajwa chini: duka la maziwa, Nyeri, Kenya.

Miezi mitatu imetimia. Naomba uvitoe, uvifunge kila kimoja kwenye karatasi yake, uvitume. Nataka kuviweka chini ya hadubini mwenyewe. Salaam kwa Shiku, mwezi ndio huu.

Wako aliyeshindwa kukaa,
Hanan


Majengo, Nyeri
20 Januari 2025

Mwanangu,

Shiku amejifungua Ijumaa, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, ana sauti ya muadhini. Wamemwita Samiha. Mama mzazi hajambo.

Vibao ni hivi. Nimevifunga kama ulivyosema. Nimeviosha vizuri.

Naomba usisumbuke kunijibu haraka, najua una kazi.

Mwanasiti


Kassel
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Samiha, Mungu amkuze. Soksi nimezituma kwa kifurushi kingine, moja ni kubwa kuliko mwenzake, niliifuma mimi.

Vibao vimefika Jumanne. Nilikifungua cha kwanza kwenye dirisha nikakiinamisha. Hakikuwa na rangi. Nikainamisha cha pili. Nikafungua vyote kumi, nikavipanga mezani, sikuweza kujua kipi ni kipi mpaka nilipogeuza na kusoma namba za nyuma.

Chini ya hadubini hakuna matuta. Kuna mikwaruzo. Imelala upande mmoja, imerudi, imekatana, juu ya vibao vyote kumi sawasawa. Nimewahi kuona mikwaruzo ya namna hiyo kwa macho yangu tu, bila hadubini, juu ya mitungi yako, nikiwa na miaka sita nimekaa kwenye kreti nakusubiri umalize ili unipeleke shule.

Sitaki kusema neno baya. Labda ni mtu mwingine. Labda ni Muhammad, labda ni mtu wa posta. Niambie tu ni nani na lini. Nahitaji kujua, tafadhali. Profesa bado sijamwonyesha.

Hanan


Kassel
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ramadhani imebaki wiki moja na hujanijibu. Nimepiga simu mara tano. Mara mbili ulisema mtandao ni mbaya, mara moja ulisema maziwa yanafurika jikoni, na nilikuwa nasikia kabisa kwamba uko barabarani.

Nimefuturu peke yangu kila siku nikiifikiria barua yako ya Desemba. "Vyote vinang'aa." Uliniandikia kweli, sivyo? Vyote vilikuwa vinang'aa. Mimi ndiye niliyechagua kusoma nilichokitaka.

Nina hasira. Nakwambia wazi kwa sababu nikikuficha itaoza. Ulinilea wewe. Nilipoiba sukari ulinifanya nikamwombe msamaha mwenye duka mbele ya wateja wake. Sasa mimi nimwombe nani?

Hanan


Majengo, Nyeri
6 Aprili 2025

Mwanangu Hanan,

Eid njema iliyopita. Sikupika biriani mwaka huu, Shiku alipika.

Ni mimi. Hakuna Muhammad, hakuna posta.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Kwa wiki tano nilishika ahadi yangu. Kila asubuhi nasugua mitungi mitano nje, na ule wa sita natoa vibao vyako kwanza, navisuuza kwa maji ya moto, navirudisha. Kweli, vile visivyo na rangi vilianza kupata utando. Wa njano, mwembamba. Na vyenye rangi havikupata kitu, Hanan. Niliviona kwa macho yangu. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikasema ngoja itimie miezi mitatu.

Halafu akaja Bwana Gatimu na vitabu vyake. Duka limejaa, ni siku ya soko. Akafunua mtungi, akafunika, mpaka akafika kwenye ule wa vibao, akavuta waya. Akakishika kibao chenye utando akakiinua juu kwenye mwanga wa mlango. "Mama Muhammad, hii uchafu ni ya nini ndani ya maziwa ya watu?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza. Lakini nyuma yake mama mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Si nilikuambia? Hawa wa Majengo ni kuosha tu mbele ya macho ya watu."

Ningeweza kueleza. Ningesema ni kazi ya mtoto wangu, amesoma, ni mambo ya leza. Maneno yalikuwepo yote, na sikusema hata moja. Nilivichukua vibao kumi, nikatoka nje, nikachukua majivu na ule waya wa kusugulia sufuria, nikavisugua mbele yao wote. Rangi zilitoka mkononi mwangu. Niliziona zikitoka na mkono haukusimama. Nilipomaliza Bwana Gatimu akasema, "Sasa hiyo ndiyo sawa," akaandika kwenye kitabu chake, na yule mama akanunua lita mbili.

Baada ya hapo nilivisugua kila siku, kwa kuwa maji yaliyomwagika hayazoleki.

Kwenye simu nisingeweza kukudanganya, ungenijua kwa sauti. Ndiyo maana nilishika kalamu, na kioo cha simu hakijapasuka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye hadubini yako. Nimeona aibu miezi mitano. Niliona aibu ya watu nikaitupa kazi yako ili niiondoe, na aibu haikuondoka.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia nitaelewa.

Mwanasiti


Kassel
2 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi. Ile sehemu ya utando nimeisoma zaidi, kwa sababu ina maana matuta yalikuwa yanafanya kazi. Uliona kwa macho yako. Sina namna ya kuithibitisha, lakini nalala nayo.

Sasa zamu yangu. Mimi pia kuna kitu sikukwambia.

Ule muhtasari niliotuma Desemba haukusema "tunatumaini". Nilitaja tarakimu. Niliandika vibao vitano kati ya vitano vimebaki safi, vitano kati ya vitano vimeshika utando, kana kwamba nilivipima. Nilikuwa na sentensi yako moja tu mkononi. Nikajiambia nitavipima vikija, tarakimu zitakuwa zile zile, kwa hiyo si uongo, ni haraka tu. Kisha vilipokuja na nikaona mikwaruzo, kwa wiki kumi nilikaa na wazo lingine. Kabatini nilikuwa na vibao vingine vitano vyenye matuta, visivyowahi kuona maziwa. Ningevipiga picha hivyo. Hakuna ambaye angejua. Wewe ulikuwa hujibu, na kadiri ulivyonyamaza ndivyo nilivyosogea karibu na lile kabati. Siku moja nilivitoa nikavipanga chini ya hadubini. Nikapiga picha ya kwanza.

Barua yako ilifika wiki hiyo hiyo.

Nilifuta ile picha. Jumatatu nikaenda kwa profesa nikamwambia yote, yako na yangu. Ya kwako hakukasirika nayo hata kidogo. Alisema hilo lilikuwa kosa letu sisi, tumetengeneza kitu cha mtungi bila kumuuliza mwenye mtungi anauosha vipi. Ya kwangu alikasirika nayo, tena kwa utulivu, na huo ulikuwa mbaya zaidi. Mhadhara wangu wa mwezi wa sita umefutwa na kila mtu hapa anajua sababu. Nimepewa nafasi moja ya kurudia. Matokeo yawe mezani kabla ya Septemba kwisha, la sivyo nafunga mizigo.

Nimetengeneza vibao vipya kumi. Lazima vikae siku tisini, na safari hii mtungi wenyewe pia usisuguliwe, majivu yasije yakarukia vibao. Maziwa ya mtungi huo yasiuzwe. Siwezi kukuomba tena, Shangazi. Si kwa hasira, hasira imeisha. Sasa najua ninachokuomba ni nini, na sitakufanya usimame tena mbele ya watu hao. Nimevituma kwa Baba, Kerugoya. Anamfahamu mtu anayefuga ng'ombe karibu na mji, anaitwa Kinyua, amekubali.

Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Wewe nisamehe mimi.

Hanan


Majengo, Nyeri
15 Juni 2025

Mwanangu Hanan,

Marahaba mia. Iddi tumekula vizuri, Samiha ana meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu. Baba yako amekubali kwenda hospitali, ni baada ya mkandaji mwenyewe kumwambia aende.

Sasa usiseme nimekuingilia. Barua yako ilifika asubuhi, saa sita mchana nilikuwa Kerugoya. Nilimkuta baba yako Jamal dukani kwake na kifurushi kwenye kaunta, kati ya fani belti na mafuta ya breki, hajakifungua hata kamba. Nikamuuliza huyo Kinyua anaosha mitungi yake na nini. Hajui. Nikamuuliza ana mke? Anaye. Mke anaosha na nini? Hajui. Nikamwambia nipe hivyo vibao. Akasema, "Lakini Hanan amesema wewe usisumbuliwe." Nikamwambia Hanan ni mtoto wangu na sijazeeka kiasi cha kupumzishwa. Tulirushiana maneno kidogo, ndugu ni ndugu, kisha akaninunulia chai.

Safari hii nilimtangulia Bwana Gatimu. Nilikwenda ofisini kwake na barua yako ya kwanza, ile ya matuta, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na siku ile mbona hukuniambia?" Nikamwambia niliona haya. Akasema sawa, mradi maziwa ya mtungi huo hayauzwi. Hayauzwi. Wambugu anayachukua jioni anawapa ndama wake, na ameacha kucheka.

Kwanza niliuweka mtungi stoo, nyuma ya duka, usionekane. Siku ya pili nilimkuta Shiku ameuinamia na gunzi mkononi, maskini, alitaka kunisaidia. Amelelewa na mama asiyelaza chombo kichafu, kama mimi. Nikaona nyuma sitaulinda. Nimeuleta mbele, kando ya kaunta, ninapoweza kuuona wakati wote, nami ndiye ninayeusuuza na maji ya moto, mimi peke yangu. Asubuhi natoa mitano nje nasugua, huo wa sita nautoa nao unasimama kwenye mstari, umefifia, una madoa, unanuka maziwa yaliyochacha kama mala. Watu wanapita wanautazama, halafu wananitazama mimi. Wanaonijua wanauliza, nawaeleza. Nimeshakuwa hodari wa leza mtaa mzima. Wasionijua hawaulizi.

Hanan, nitakwambia ukweli kwa kuwa tumeamua kuambiana. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nikipita karibu nao mkono unaniwasha. Juzi niliswali adhuhuri nikawa nauona mtungi badala ya kibla, nikalazimika kurudia.

Jana alikuja mama mmoja mgeni, amevaa vizuri, ana chupa yake ya kuchukulia maziwa. Akauona ule mtungi. Akauchungulia ndani, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema taratibu, "Aki, na vile hii duka iko na jina kubwa." Akafunga kifuniko cha chupa yake akatoka. Majivu yalikuwa hapo, mguuni pangu. Waya ulikuwa mfukoni mwa aproni. Nilimtazama akivuka barabara akiingia duka la ng'ambo, na sikumwita.

Leo ni siku ya ishirini na tatu. Sijavigusa.

Shangazi yako,
Mwanasiti